Herufi Ndogo

Mimi ndiye ninayeandika bei
katika duka la miwani, Barabara ya Naboa, Mbale.
Kalamu yangu ina ncha ya sindano.
Bwana Magombe alinifunza siku ya kwanza:
"Andika ndogo, kijana, ndogo zaidi,
mteja asishtuke kabla hajakaa."
Nikaandika ndogo,
na waliokuja kwa kupotelewa na herufi
hawakuweza kuzisoma zangu.

Jumanne moja akaingia Nabifo,
mchambuzi wa kahawa, miaka ishirini na sita kwenye meza ya mbegu,
vumbi la maganda bado limo katika mikunjo ya kitenge.
"Mulembe," akasema. "Mbegu nyeusi zinanipita.
Msimamizi amenikata mara mbili mwezi huu."

Kupima ni bure: imeandikwa mlangoni
kwa herufi utakazozisoma hata ukiwa juu Wanale.
Magombe akamketisha, akamvika fremu ya chuma,
akatia kioo, akatoa kioo.
"Hiki au hiki?"
"Hicho."
"Na sasa, hiki au hiki?"
Nusu saa nzima, kwa subira ya mtu
anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
Siwezi kumsingizia. Kwa macho, yule mzee hana mchezo.
Jicho la kulia, moja na nusu.
La kushoto, mbili na robo tatu.

Nabifo akageuza kichwa,
na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa baada ya miaka
kilikuwa mwandiko wangu:
laki tatu na themanini elfu.

Hakupiga kelele. Akaishika fremu
kwa vidole viwili, kama mbegu yenye shaka,
akaigeuza, karibu ainuse.
"Hii imetoka wapi?"
Nikatazama dari.
Imetoka Kampala, katika boksi la dazeni.
Risiti niliibeba mimi: elfu kumi na nane kila moja.

Magombe akaanza kuhesabu kwa sauti:
kodi ya nyumba, umeme, leseni,
mashine ambayo mkopo wake haujaisha,
na huyu hapa, mshahara wake.
Akaninyooshea kidole,
na kweli siku hiyo nilikuwa na viatu vipya.

Nabifo akasikiliza yote.
"Najua," akasema. "Sisi kilo tunaichambua kwa vijisenti,
ikimfikia mnywaji ina bei ya harusi.
Kila mkono njiani una kodi yake ya nyumba.
Niandikie namba zangu."

Kuandika namba si desturi yetu.
Magombe alikohoa. Nabifo alingoja;
kungoja ndiyo kazi yake.
Nikaandika mimi, kwa herufi kubwa.

Wiki mbili baadaye akarudi amevaa kioja.
Sokoni alinunua jozi mbili, elfu kumi kila moja,
akampelekea fundi wa saa karibu na stendi
ang'oe jicho la hii alitie kwenye ile.
Elfu tatu ya ufundi.
Skrubu imezidi urefu, inamkwaruza karibu na sikio.
"Jioni kichwa huuma," alikiri,
"lakini nyeusi hainipiti."
Ile iliyobaki ameitundika msumarini,
miwani ya mtu aliye kinyume chake,
mpaka atakapopatikana.

Kisha akafungua fundo la leso,
akahesabu elfu ishirini juu ya kioo cha meza.
"Za nini, mama?"
"Za ile nusu saa. Hiki au hiki.
Ndicho kitu mlichonacho,
nanyi mkaniambia ni bure."

Magombe akaenda nyuma
kufuta vioo vilivyokuwa safi.
Nikafungua kitabu cha risiti.
Fremu ina safu yake. Lenzi ina yake.
Kisanduku, kitambaa, kinga ya mwanga.
Nikapitisha kidole mpaka chini ya ukurasa,
mimi mwenye macho mazima,
kalamu mkononi,
na sikuona pa kuandika.